Viboko Wawili kwenye Kiroba Kimoja

Mwaka 1969, nikiwa na miaka minane, ndipo shida ilipoanza. Mama alikuwa ametangulia siku nyingi. Mwaka huo baba naye akafariki, akatuacha wawili, mimi na pacha wangu, wasichana tuliofanana mpaka kucha. Baba mdogo akatuchukua kwake, kijiji cha Mamba. Alikuwa na watoto sita wa kwake, shamba la mpunga, na roho nzuri. Alichokosa ni uwezo. Shule ilipofunguliwa akaandikisha mtoto mmoja, akanunua gauni moja la bluu, akatuwekea kitandani akatoka nje. Hakusema ni la nani.

Sisi tukalipangia zamu. Leo mimi, kesho yeye. Anayebaki analinda ndege kwenye mpunga, na jioni aliyekwenda shule anachora chini kwa kijiti yale aliyofundishwa. Mwalimu aliamini ana mwanafunzi mmoja, mwenye akili lakini msahaulifu kidogo. Tukaenda hivyo darasa la kwanza lote na kipande cha la pili.

Kilichotuumbua ni kidole changu cha mguu. Nilijikata na jembe Jumapili. Jumatatu nikaenda shule nachechemea, kidole kimefungwa kitambaa kikubwa kama kitunguu. Jumanne pacha wangu akaenda, akaruka kamba na wenzake wakati wa mapumziko. Mwalimu akamwita.

"Wewe, kidole kimepona usiku mmoja?"

"Ndiyo, mwalimu. Tumepaka dawa ya kienyeji."

Mwalimu alikuwa na kidonda chake kwenye goti kilichomsumbua tangu masika. Jioni hiyo akaja nyumbani kuomba dawa, akatukuta wawili tumekaa kwenye mkeka, mmoja na kitambaa, mwingine hana. Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini baada ya kucheka akamwambia baba mdogo achague, maana shule haina mtoto wa zamu. Baba mdogo akanitazama mguu, akamtazama mwenzangu mguu, akasema atakwenda yule mzima. Akachukua gauni, akampa pacha wangu mikononi, mbele yangu.

Basi mimi nina nusu ya darasa la kwanza na nusu ya kipande cha la pili. Ukijumlisha halifiki darasa moja. Wanaonicheka kwa kuandika nawaachia, maana wengi wao wanakoboa mpunga kwenye mashine zangu.

Sasa msomaji ambaye si wa kwetu lazima nimweleze jambo. Kwetu Mpimbwe, huku Katavi, pacha hawapewi kitu mmoja mmoja. Unashika kimoja mkono wa kulia, kimoja mkono wa kushoto, unatoa kwa pumzi moja. Ukimpa mmoja na mwingine akabaki anatazama, wazee wanasema yule anayetazama ataugua. Mimi ni Mkatoliki, nasali kila Jumapili, lakini hilo sijalijaribu na sitalijaribu. Mke wa baba mdogo alilijua. Usiku ule alichana pindo la lile gauni, kipande cha upana wa vidole viwili, akanifunga mkononi ili nami nihesabiwe nimepokea. Sikuugua. Lakini kutazama nilitazama, na ladha yake naijua mpaka leo.

Yaliyofuata sitayarefusha. Pacha wangu alisoma akawa nesi, akapangiwa Dar es Salaam, akastaafia huko. Mimi niliokota chenga za mchele chini ya mashine ya mtu mwingine pale Kibaoni. Kutoka kwenye chenga nikaingia kushona magunia. Shazia, ile sindano ndefu ya magunia, ilikaa kichwani kwangu kwenye kilemba kama wengine wanavyoweka kalamu sikioni. Nilishona haraka kuliko wanaume. Na lumbesa nimefunga, sifichi. Gunia likijaa mpaka mdomoni, mimi nashindilia kwa goti, nasuka kamba juu yake, naongeza mpunga mpaka gunia linavaa kofia. Mnunuzi anahesabu gunia moja. Serikali ikakataza, nikaacha. Siku ya kwanza sikuacha, ila niliacha.

Sasa nifike kwenye viboko.

Kitinda mimba wangu, binti, alijifungua mapacha, wasichana, na wote watatu wanakaa kwangu Kibaoni. Wana miaka sita. Mwaka jana jicho langu la kushoto liliingia ukungu. Nikadhani ni pumba za mashine, nikaosha na kuosha. Daktari Mpanda akaniambia ni mtoto wa jicho. Nikasema watoto nimeshazaa watano, huyu wa sita simtaki. Pacha wangu akapiga simu, akasema njoo Dar, watakufanyia, nitakuuguza mwenyewe. Wanangu wakanikatia tiketi ya ndege, maana walisema barabara itanimaliza.

Siku mbili kabla ya safari tulikuwa Sitalike kwenye msiba. Tulipotoka nikawapeleka wajukuu mtoni kuangalia viboko. Walikuwa wamejaa kwenye tope, mmoja juu ya mwingine, wananuka. Wajukuu wangu wakanyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Kisha wa kwanza akasema:

"Bibi, tunaomba mmoja."

"Wa nini?"

"Wa kulala naye."

"Atakutafuna."

"Basi mdogo."

Nikawaambia hawa ni wa serikali, lakini nikirudi kutoka Dar nitawaletea wa kwao, laini, wasiotafuna. Wa pili akanishika kitenge akasema, "Bibi, usilete mmoja wa kugombania." Mtoto wa miaka sita. Nikamwangalia kwa lile jicho zima, nikasema kila mtu atapata wake, siku moja, saa moja. Nikaapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Dar wakanipasua jicho, kazi ya muda mfupi tu. Kesho yake wakafungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona wazi kwa jicho lile kilikuwa sura ya pacha wangu ameinama juu yangu. Nikapiga kelele.

"Nini? Linauma?"

"Haliumi. Kumbe nimezeeka hivi!"

Alinipiga na pochi yake. Nesi mstaafu, anampiga mgonjwa.

Viboko tuliwapata Kariakoo baada ya kuzunguka mpaka miguu ikavimba. Walikuwa juu kabisa dukani, wawili tu waliobaki, wa kijivu, manyoya laini kama kifaranga, midomo wazi, ulimi wa pinki na meno mawili ya kitambaa. Kila mmoja alijaza debe moja na nusu. Muuzaji akatutazama sisi, akatazama viboko, akasema, "Mama zangu, hawa nao ni mapacha kama nyie." Pacha wangu akamjibu, "Ila hawa wanapendeza." Tukawabeba kifuani mtaa mzima, watu wanatupisha.

Nyumbani ndipo pacha wangu akanieleza sheria ya ndege. Begi moja la chini, la kilo ishirini na tatu, na mzigo mmoja wa mkononi. Basi. Begi la chini lilikuwa limeshajaa chuma. Nilikuwa nimenunua mikanda miwili ya mashine, chujio, na bearing, vitu ambavyo bila hivyo mashine yangu moja ingekaa kimya msimu wote. Begi lilikuwa kilo ishirini na tatu kamili, hata leso haikuingia.

"Peleka kiboko mmoja," akasema pacha wangu, "mwingine nitamtuma."

Nikamtazama tu. Hakurudia. Anajua, na yeye alikuwepo.

"Nitafutie kiroba," nikasema. "Wanataka mzigo mmoja, watapata mmoja."

Nikamtia kiboko wa kwanza kwenye kiroba. Nikamtia wa pili, akabaki nje nusu. Nikamwambia pacha wangu akae juu. Akasema mgongo wake haumruhusu, nikamwambia mgongo haukai, kinachokaa ni kitu kingine. Akakaa. Hewa ikatoka kwenye viboko kama mtu anapumua baada ya kushiba. Nikasuka kamba, nikavuta, nikaongeza kofia, nikashona. Lumbesa safi kabisa, ya mwisho maishani mwangu nilidhani. Nilipomaliza nikaichomeka shazia palepale kwenye mshono, kama tunavyofanya sokoni siku zote, ili ukifika usiitafute. Asubuhi pacha wangu akanisindikiza mpaka mlangoni mwa uwanja, akanipa doti ya kanga mpya, haijakatwa bado, tukaagana.

Ile shazia sikuifikiria hata kidogo. Nilikuja bila hiyo shida, maana wakati wa kuja ilikuwa ndani ya begi la chini.

Kiroba kikaingia kwenye mashine ya kukagulia. Mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukasimama tena. Askari mmoja, mnene, mpole wa sura, akauliza:

"Hiki kiroba cha nani?"

"Changu."

"Kuna nini ndani, mama?"

"Viboko."

"Nini?"

"Viboko. Wawili."

Akamwangalia mwenzake. "Mama unasafiri kwenda wapi?"

"Mpanda."

"Yaani unatoa viboko Dar unawapeleka Katavi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu nyuma yangu akasema, "Kule wamekwisha nini?" Nikageuka nikasema hawajaisha, lakini wa kule hawakubali kulala na watoto. Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Askari hakucheka sana. Akanyoosha kidole kwenye mshono.

"Na hii ni nini?"

"Shazia."

"Hii haipandi ndege."

"Nimepanda nayo malori miaka thelathini."

"Lori halina rubani, mama."

Akaitoa, akaiweka kwenye ndoo ya plastiki pamoja na mikasi na viwembe vya watu. Miaka thelathini shazia ile, imelainika mpaka inang'aa, ikalia ting kwenye ndoo. Kisha akachukua mkasi, akasema lazima aone ndani.

"Mwanangu," nikamwambia, "kata taratibu. Nimeshindilia."

"Usijali, mama."

Akakata kamba ya katikati. Mtu yeyote wa sokoni Kibaoni angejua hiyo ndiyo huanzi nayo. Mshono ulifunguka wote kwa mpigo, prrrr, na kiboko wa kwanza akatoka kwa kichwa kama ndama anazaliwa. Akamgonga askari kifuani. Wa pili akaruka upande, akapita juu ya matreya ya viatu, akaelekea chini. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye tai, amevuliwa viatu na mkanda, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Akamdaka kiboko kwa mkono wa pili, hewani, bila kuiachia suruali.

"Goli kipa!" mtu akapiga kelele. Watu wakapiga makofi. Askari naye mwisho akashindwa, akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Haya, nikapita. Lakini nilipita na viboko wawili mikononi, kiroba kimechanika, sindano sina. Mzigo mmoja ulikuwa umekuwa miwili.

Kwenye geti la kupandia ndege alisimama dada wa shirika, kijana, sketi ya kubana, mdomo umepakwa rangi vizuri. Pembeni yake kuna kizimba cha chuma cha kupimia mizigo ya mkononi. Akaniona nakuja, akaanza kutabasamu, kisha akahesabu, tabasamu likaondoka.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu."

"Bibi, mzigo wa mkononi ni mmoja tu."

"Najua, mke mwenzangu. Walikuwa mmoja, wenzako wamewatenganisha."

"Ndege ni ndogo, bibi. Na chini kumejaa kabisa, hata nikitaka siwezi kuongeza. Chagua mmoja uende naye. Mwingine atakuja na ndege ya keshokutwa, nakuahidi mimi mwenyewe nitampakia."

Nikamweleza. Nikamwambia hawa ni wa mapacha, na mapacha kwetu hupokea pamoja. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema kwa upole:

"Si utamwambia tu yule mwingine kwamba wa kwake anakuja?"

"Nitamwambia yupi?"

"Bibi..."

"Wewe chagua. Wote wana miaka sita, wote wamesimama kwenye uzio sasa hivi wanatazama juu. Niambie nani anapokea na nani anatazama mwenzake akipokea. Ukishaniambia, mimi nakwenda."

 Akaangalia karatasi zake. Nasema ukweli, hapo nilitaka kulia, na daktari alikuwa amenikataza kulowesha jicho. Niliona gauni la bluu linatoka mkono hadi mkono. Nikajisemea, basi bora nisiende na hata mmoja. Nikawakalisha viboko wote wawili kwenye viti vya abiria, nikawageuza watazame ukuta, nikachukua pochi yangu. Nitawaambia wajukuu nimeshindwa wote. Kushindwa wote ni sawa kwa wote.

Nilikuwa nimeshampa dada pasi yangu ya kupandia aichane, pale yule bwana wa tai, sasa amevaa mkanda, aliposogea.

"Dada," akasema, "hicho kizimba kinapima nini?"

"Ukubwa. Mzigo ukiingia humo unapanda."

"Kwa hiyo wakiwa wamefungwa pamoja, kitu kimoja, na wakaingia?"

Dada akawatazama viboko. Akakitazama kizimba. Mtu yeyote angeona haiwezekani.

"Kikiwa kimoja na kikaingia," akasema, "mimi sina neno."

"Sema tena," nikamwambia, "mbele ya shahidi."

"Sina neno, bibi. Lakini tunafunga baada ya dakika kumi."

Dakika kumi! Mtu aliyeshindilia magunia tangu hawa watoto hawajazaliwa unampa dakika kumi. Nikaweka pochi chini. Nikafungua ile doti ya kanga ya pacha wangu, ndefu, haijakatwa, nikaitandaza sakafuni. Nikawalaza viboko tumbo kwa tumbo, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, maana hivyo ndivyo nafasi haipotei.

"Baba," nikamwambia bwana wa tai, "kalia."

"Mimi?"

"Si ndiye uliyeleta hoja? Kalia."

Akakalia. Bwana mzima, na tai yake, na laptop kifuani, juu ya viboko. Abiria wakasogea. Mama mmoja akaongeza goti lake bila kuombwa. Hewa ikaanza kutoka. Nikapitisha kanga chini, nikavuta, nikazungusha, nikavuta. Watu wakaanza kuhesabu pamoja nami kama wapakiaji wa lori. Sindano sikuwa nayo, lakini fundo la gunia halihitaji sindano. Vidole vyangu vinalijua vyenyewe. Jicho jipya halikufanya kazi yoyote pale, nililifumba.

"Shindilia, bibi!" wakapiga kelele. "Shindilia!"

Nikafunga fundo la mwisho kwa meno. Mzigo ukawa mgumu kama kinu. Tukaubeba, mimi na bwana wa tai, tukauingiza kwenye kizimba. Ukaingia mpaka shingoni ukakwama.

"Kichwa," akasema dada. Na hapo niliona kwamba yeye mwenyewe anataka uingie.

Nikaweka goti, nikasukuma. Ukaingia. Mzima. Hata sikio halikuchomoza. Geti zima likashangilia kama timu ya Mpanda imepanda daraja. Dada akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha ikawa kazi ya kuutoa, maana tulipouinua kizimba nacho kikainuka, na askari yule mnene aliitwa kuja kushika miguu ya kizimba tukavuta. Akaniangalia.

"Mama, ni wewe tena?"

"Ni mimi. Nirudishie shazia yangu."

"Hapana."

"Basi shika miguu."

Ndani ya ndege mzigo ukakaa juu, kwenye kile kisanduku cha mizigo. Bwana wa tai akapata kiti karibu yangu, akaniambia anakuja Mpanda kikazi kwa mara ya kwanza. Nikamwambia akimaliza kazi yake aje Kibaoni, atakula wali ambao Dar hawaujui. Alikuja kweli, baada ya wiki moja. Alikula sahani tatu. Njia nzima nilitazama dirishani kwa jicho jipya. Nilipoanza kuona mabonde ya kwetu, mito imejikunja, bati moja moja linamulika, nilihesabu mpaka nikachoka. Zamani nilidhani kwetu ni padogo.

Tulipotua Mpanda kisanduku hakikufunguka. Viboko walikuwa wanavimba humo ndani, wanasukuma mlango. Mhudumu alivuta, bwana wa tai alivuta. Kikafunguka, mzigo ukamshukia bwana wa tai kwa mara ya pili siku hiyo. Akasema tayari amezoea.

Nikaufungulia fundo ndani ya jengo, kabla sijatoka, ili niwape vizuri. Na hapo moyo ukashuka. Kiboko mmoja alikuwa mzuri kama alivyotoka dukani. Yule wa chini, aliyebeba uzito wa watu, pua yake ilikuwa imekwenda upande wa kushoto kabisa, kama mtu aliyepigwa kofi. Nikamvuta. Nikampiga piga. Nikampulizia mdomoni, watu wananitazama. Pua inarudi kidogo, kisha inakwenda tena upande. Nimewavusha Tanzania nzima pamoja, sasa nafika hawalingani!

Lakini kwenye uzio walishaniona. "Bibi! Bibi!" Wamevaa magauni mapya yanayofanana, mama yao anawashika wasiruke. Nikatoka. Sikuwa na la kufanya. Nikashika mmoja mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, nikavuta pumzi, nikatoa.

Wakapokea kwa pamoja. Hakuna aliyetazama mwenzake akipokea, wote walikuwa wanatazama wa kwao. Viboko walikuwa wakubwa kuliko vifua vyao, miguu tu ya watoto ndiyo ilionekana chini. Nikaanza kushukuru. Ndipo wa pili akasema:

"Bibi, wa kwangu pua imekwenda upande."

Mama yao akanitazama. Mimi nikatazama lami. Wa kwanza akamchunguza kiboko wa mwenzake, akamchunguza wa kwake, akafikiri. Kisha akamlaza wa kwake chini, pale pale mbele ya uwanja wa ndege, akamkalia. Akaruka ruka juu yake. Akainuka, akaangalia.

"Bado," akasema. "Njoo."

Na yule mwingine akaja, wakamkalia wote wawili, wakaruka, wakaanguka, wakaruka tena, madereva wa bodaboda wanawahesabia. Walipoinuka pua ya kiboko huyo nayo ilikuwa imekwenda upande, kulia badala ya kushoto, lakini imekwenda.

"Sasa wako sawa," wakasema.

Nilicheka mpaka daktari angenifokea.

Tukaingia kwenye gari kurudi Kibaoni. Tulipofika Sitalike wajukuu wakaomba tusimame, wakawainua viboko wao dirishani kuwaonyesha wale wa mtoni. Wale wa mtoni hawakujali. Nikiwa bado nawangoja nikampigia pacha wangu.

"Wamepokea?" akauliza.

"Wamepokea."

"Pamoja?"

"Pamoja."

 Kisha akasema, "Na kidole chako kinaendeleaje?"

"Kimepona," nikasema. "Tumepaka dawa ya kienyeji."

Leo nina vitu hivi. Mashine mbili za kukobolea mpunga, Kibaoni, zote zinanguruma. Nyumba ya matofali, vyumba sita, bati jipya. Ekari kumi na nne za mpunga Mamba, tano kati yake zilikuwa za baba mdogo, nilizinunua kwa wanawe kwa bei waliyotaka. Fuso moja, kuukuu, inatembea. Ng'ombe kumi na mmoja. Watoto watano, wajukuu kumi na saba, pacha mmoja. Jicho moja jipya na moja la zamani. Doti moja ya kanga, imekunjamana, bado haijakatwa na sitaikata. Kipande cha pindo la bluu, upana wa vidole viwili. Shazia mpya, bado haijazoea mkono wangu.

Kiboko sina hata mmoja. Wale wana wenyewe.